Bei ya Mgeni kwa Mtoto wa Tabora

Fittja, Stockholm, jioni ya kuamkia safari yako

Nyamizi mwanangu,

Umetoka kwenda kuagana na wenzako, na mama yako yuko chumbani anapima sanduku lako kwa ile mizani ya mkono. Namsikia akiligombeza kwa Kiganda, kama vile sanduku lenyewe ndilo lililoamua kuwa zito. Mimi nimebaki jikoni na karatasi. Habari za chandarua, za dawa ya malaria, za kuchemsha maji na kupiga simu ukifika, ameshakupa zote, na kwa kuwa amezisema yeye utazishika. Mimi nataka kukuandikia lile jambo ambalo miezi yote hii tumelizungumza kwa kupaziana sauti, na ambalo sidhani kama nimewahi kulieleza likakaa sawa tangu mwanzo hadi mwisho. Unanijua nikieleza jambo naanzia mbali. Vumilia, mama. Ndani ya ndege hutakuwa na pa kukimbilia.

Nina hasira. Nalisema kwanza ili usiondoke ukidhani baba ametulia kwa sababu tangu juzi amekuwa kimya mezani. Sijatulia. Mwanangu, ambaye babu na bibi yake wamezikwa Sikonge, mkoani Tabora, na ambaye amebeba jina la bibi huyo huyo, aliandikiwa na chuo cha umma cha nchi yangu kwamba yeye ni mwanafunzi wa kigeni, na kwamba atalipa ada ya wageni, kwa dola, zaidi ya mara tatu ya ile atakayolipa mwenzake aliyekaa kiti cha pembeni. Niliisoma barua ile tena na tena nikitafuta walipokosea. Hawakukosea popote. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Kama wangekosea ningewasahihisha, na kusahihisha ndiyo kazi yangu.

Tuanzie Sikonge. Ulikuwa na miaka kumi na minne tulipokwenda kuona makaburi. Mvua zilikuwa bado. Nchi ilikuwa kavu, nyasi zimeungua, lakini miti ilikuwa imeanza kutoa majani mapya, nayo yalikuwa mekundu kama shaba, msitu mzima. Ukaniuliza kwa nini majani yanatoka mekundu na siyo ya kijani, na yanapata wapi maji wakati ardhi imekauka hivi. Nikakutajia majina, huu mninga, huu mtundu, huu muyombo ambao gome lake hutengenezewa mizinga ya nyuki. Ukasema, "Hayo ni majina, Baba. Nimeuliza kwa nini." Nikakujibu sijui. Baba mdogo wako alicheka hadi akakaa chini, kwa sababu tangu utotoni hajawahi kunisikia nikisema neno hilo. Nadhani ni siku ile ulipochagua kusoma misitu, ingawa ulitangaza miaka mitano baadaye.

Na ulipotangaza, Stockholm nzima ilikushangaa. Yule mshauri wa masomo wa sekondari alikuuliza kama unamaanisha safari ya kujitolea. Ulipomwambia kwamba unamaanisha chuo kikuu, shahada kamili, akauliza, kwa upole kabisa, kama huko vipo. Nilitamani niwe mle chumbani. Halafu wakaja watu wetu wenyewe, ambao waliniudhi zaidi kwa sababu wao wanajua vipo na baadhi yao wamesoma humo. Kila nilipokwenda kwenye harusi au msiba, mtu aliniweka pembeni. "Mwalimu, Uswidi ndiyo nchi ya misitu. Na kusoma ni bure. Watu wanakufa jangwani wakija huku, wewe unampeleka mtoto kule akalipe?" Nikieleza kwamba misitu ya hapa ni misonobari, na binti yangu anataka kujua msitu unaochipua kabla ya mvua, wananitazama kama mtu anayehitaji kupumzika. Wewe uliwajibu vizuri kuliko mimi. Ulimwambia yule mama wa Kenya, "Shangazi, daktari wa meno hasomi kwa kutazama magoti." Sikukusifu siku ile. Nakusifu sasa.

Sasa niende mbali kidogo. Nilipokuja nchi hii kusoma shahada ya pili, nilikuwa mgeni kwa kila namna. Sikujua lugha, sikujua mtu, sikuwahi kuwalipa kodi hata senti. Na chuo hakikunitoza ada. Wakati ule hapa hakikumtoza yeyote, awe ametoka Ujerumani au Tabora. Nilikaa darasani na watoto wa nchi, tukapewa kitabu kimoja na kiti cha namna moja, na hakuna aliyeniuliza pasipoti yangu ina rangi gani isipokuwa polisi wa uwanja wa ndege. Baadaye walibadili sheria. Siku hizi anayetoka nje ya Ulaya kuja kusoma analipa, na analipa sana, kwa hiyo sisemi kwamba Waswidi ni malaika. Nasema nilikula chakula cha watu bila kulipa, nikazoea, nikadhani dunia ya wasomi ndivyo ilivyo kila mahali. Mtu aliyesomeshwa bure na wageni hawezi kuelewa haraka kwamba mwanawe atatozwa bei ya wageni nyumbani.

Pasipoti unajua habari yake, lakini unaijua vipande vipande. Ulikuwa na miaka saba. Shule moja niliyofundisha ilikuwa inapeleka wanafunzi London, nami nilipangwa kuwasindikiza. Wanafunzi walionyesha pasipoti zao za Uswidi, basi, wakawa tayari. Mimi nilitakiwa kuwa na viza, na viza haikutoka. Mwalimu mkuu akamweka mtu mwingine mahali pangu na kunipa pole nzuri sana, na wale watoto wakaniletea kikombe chenye picha ya basi jekundu. Wiki ile ile niliomba uraia wa hapa, na nikaliandika na jina lako katika maombi, kama mtu anavyomvalisha mtoto koti akitoka naye. Nilijua sheria ya kwetu hairuhusu mtu mzima kuwa na nchi mbili. Niliijua vizuri. Nilikwenda ubalozini, nikakabidhi pasipoti yangu, karani akaikata kona kwa mkasi na kunirudishia, akaniambia, "Karibu tena, Mwalimu," na sote wawili tukaona aibu.

Sheria hiyo ilikuachia wewe mlango kwa muda, kwa kuwa ulikuwa mtoto. Ulipofikisha umri wa utu uzima ulitakiwa uchague, huku au kule. Mimi ninayekueleza kila kitu, ninayekueleza hata kwa nini lifti ya jengo letu inasimama kwanza ghorofa ya tatu, sikukueleza hilo. Siku ile nilinunua keki tu, na mlango ukajifunga. Nilijiambia kwamba hutahitaji, na kwamba kumwambia msichana wa umri ule achague nchi kama anavyochagua viatu ni ukatili. Ulipokuja kujua, nilitegemea unigombeze. Ukasema tu kwamba ungechagua ya Uswidi hata hivyo, kwa sababu sisi tuko hapa. Inawezekana ni kweli. Lakini kuchagua ni kitu kimoja na kuchaguliwa kwa ukimya ni kingine, na mimi nilikupa hicho cha pili. Nimekuomba radhi kwa mdomo. Hapa naiweka iwe maandishi.

Nataka pia niwatendee haki wanaotoza, kwa sababu bila hivyo hasira yangu itakuwa kelele tu. Chuo cha umma kinajengwa na kodi za wananchi. Mama anayeuza nyanya Tabora anachangia kile chuo kila anaponunua sabuni, na ni haki yake mtoto wake alipe kidogo. Mgeni hakuchangia, basi achangie mlangoni. Hoja hiyo ni nzuri, na kama ningekuwa mwanafunzi wa sheria ningeitetea. Lakini waniambie basi, lile bati la nyumba ya bibi yako lilinunuliwa na nani? Sare za watoto wa ndugu, hospitali ya shangazi, majeneza? Miaka yote niliyoishi huku, hakuna mwezi ambao mshahara wangu haukupanda ndege kwenda Tabora kabla haujafika kwenye friji yetu. Fedha hiyo ilinunua saruji na sabuni kule kule, na kodi ikakatwa kule kule. Ikija, inaitwa msaada wa ndugu walio nje. Akija mtoto, anaitwa mgeni. Siku hizi tunasikia kwamba kuna hadhi maalumu kwa watu kama sisi. Niliuliza kama inagusa ada. Niliambiwa nisubiri. Bado nasubiri.

Ulipopata nafasi na ile barua ya ada ikafika, kila mtu alikuwa na dawa yake. Tungeweza kuongeza mkopo. Fedha za wanafunzi za Uswidi zingekufuata hadi huko, na kwa ada kubwa upo mkopo wa nyongeza. Wewe ulikuwa tayari kuuchukua. Mimi nilikataa, kwa kuwa mkopo ule ungekuwa wa kulipia neno "mgeni", na ungeulipa hadi unaota mvi. Kwa hilo silaumu mtu, wala sijilaumu. Baba mdogo wako alipiga simu na dawa nyingine kabisa.

"Kaka, mbona unahangaika? Tunamtolea cheti cha kuzaliwa hapa hapa. Kazaliwa Sikonge, zahanati ya kata. Kwisha."

"Kazaliwa Huddinge," nikamwambia.

"Huddinge ni wapi? Nani anaijua? Sikonge wote tunaijua."

"Ni uongo."

"Uongo gani? Baba yake wa Sikonge, babu yake wa Sikonge. Tunasahihisha mahali tu."

Hana ubaya, na sijui kama angeweza kweli. Lakini nilikata simu upesi, kwa sababu kwa dakika nzima nilikuwa nimelifikiria. Mtu akifikia kuona kwamba uongo ndiyo njia fupi ya kumrudisha mwanawe kwao, amedhulumiwa, na dhuluma hiyo inataka imfanye naye mdhulumu. Nikaamua nitapigana kwa njia ninayoijua. Nikaanza kuandika barua.

Wewe uliziona. Ya kwanza kwa chuo, kurasa nne, yenye historia ya ukoo. Ya pili kwa wizara. Ya tatu kwa chuo tena, kueleza yale ambayo ya kwanza haikuyaeleza vya kutosha. Kila moja ilijibiwa kwamba ombi langu limepokelewa. Nami nikawaambieni msubiri, wewe na mama yako, haki iko njiani. Huku tarehe ya kuthibitisha nafasi inakaribia.

Ndipo sote watatu tukakutana na Papa Bahati pale mbele ya duka la Fittja, siku ile ya theluji ya kwanza. Unamjua, dereva wa basi, Mkongomani wa Bukavu ambaye hawezi kukupita bila kukuuliza habari ya kila mtu. Nikamsimulia, na mimi nikisimulia unajua. Akanisikiliza mpaka mwisho, mikono imo mifukoni.

"Mwalimu, ngoja, niambie muzuri. Miye, mutoto yangu ya Bukavu akienda kule kwenu, atalipa sawa na wenyeji, juu Congo imeingia mu jumuiya ya Afrika Mashariki. Na wako atalipa sawa na muzungu?"

"Ndivyo barua inavyosema."

"Ee Mungu! Bon, unipatie huyu mutoto. Nitasema ni wangu. Nyamizi wa Bukavu! Atajifunza kucheza kidogo, kiuno ikalegea, hawatajua kitu."

Wewe ulicheka. Mimi sikucheka. Mama yako hakucheka wala hakuudhika, aliweka mfuko wa viazi chini kwenye theluji.

"Papa Bahati," akasema, "na Uganda?"

"Uganda? Uganda si iko ndani tangu zamani, mama!"

Akanigeukia. "Taata Nyamizi, umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Mimi ni wa wapi?"

Nakuandikia hili kwa sababu nataka ujue kilichopita kichwani mwangu, na hakikuwa kizuri. Mtu mwenye akili zake angefurahi. Uganda haikumlazimisha mama yako kuchagua. Aliichukua pasipoti ya hapa na ya kwao akabaki nayo, na mtoto wake ana haki ya kuipata. Jibu lilikuwa limekaa nami mezani miaka yote. Nami, badala ya kushukuru, nilihisi kama mtu ameniibia kesi yangu. Nilikuwa nimeshaandika kurasa nyingi kuthibitisha kwamba wewe ni wa Tabora. Sasa uingie kama Mganda? Uganda uliyokaa wiki tatu ukiwa na miaka sita, ukilia kwa sababu ya mbu?

Nikakataa. Pale jikoni, mbele yako. Nikasema mwanangu hataingia Tanzania kwa mlango wa jirani.

"Kwa nini?" mama yako akauliza. "Uganda inanuka?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema, ssebo. Wewe miaka yote unakula matooke yangu. Tulipomzika baba yangu Masaka ulivaa kanzu, wakakupa kiti cha mbele, mkwe wetu, mkwe wetu. Siku hiyo Uganda ilikuwa nzuri. Leo ni aibu?"

"Ninachosema ni haki. Ana haki kwa upande wangu."

"Na upande wangu ni mkia?"

Nikaanza kueleza. Nadhani nilifika kwenye neno "kimsingi". Mama yako akainua mkono. "Wewe andika haki yako, andika mpaka wino uishe. Mimi natafuta pasipoti."

Na wewe, uliyekuwa umeegemea friji, ukasema, "Pappa, sluta," kama unavyosema siku zote unapotaka ninyamaze. Kisha ukarudi kwenye Kiswahili, kitu ambacho ukiwa na hasira hukifanyi kamwe, ukaniuliza: "Baba, unataka nisome, au unataka ushinde?"

Nilivaa koti nikaenda kuzunguka jengo.

Kesho yake nilikuwa na kipindi changu cha lugha ya nyumbani, yaani Kiswahili, kule Södertälje, wale wadogo wa darasa la nne na la tano. Binti mmoja ambaye wazazi wake ni wa Mombasa alikuwa anamcheka mwenzake wa Goma. "Eti mutoto! Mwalimu, yeye hajui Kiswahili, anajua kitu kingine." Yule wa Goma akajibu kwamba kwao ndivyo kinavyosemwa na kwamba wao wako wengi. Nikawanyamazisha kwa maneno ninayoyasema kila muhula. Nikawaambia kwamba katika chumba hiki hakuna mwenye nyumba na mpangaji, kwamba hiyo mipaka mnayoiona kwenye ramani ilichorwa na watu ambao hawakuwauliza babu zenu. Niliyasema vizuri, nina uzoefu. Na nilipokuwa nikiyasema nikaona uso wa mama yako na ule mfuko wa viazi. Usidhani nilipata nuru. Nilipata aibu, na aibu ni kitu kingine. Watoto wa watu nawafundisha kwa mshahara jambo ambalo nyumbani kwangu mwenyewe lilinishinda bure.

Hata hivyo sikukubali siku ile. Nilinyamaza tu, na mtu kama mimi akinyamaza watu wa nyumbani huona ni ruhusa. Mama yako alikuwa ameshampigia mjomba wako wa Masaka, ambaye alikwenda ofisi hii na ile akitafuta vyeti vya babu. Mlikwenda wawili ubalozi wa Uganda bila kuniaga. Mimi nilikuwa bado nakagua barua pepe kila asubuhi, nikitumaini chuo kitanijibu kabla pasipoti haijatoka, ili nishinde. Naandika neno lile lile ulilotumia, kwa sababu ndilo lenyewe. Tungechelewa kidogo tu, nafasi yako ingepewa mtu mwingine, na ningekaa nayo hii hoja yangu safi, na wewe ungerudi kwenye ile kazi yako ya kuwahudumia wazee wa watu majumbani mwaka mwingine, na mimi ningekuwa sahihi. Hilo linanitisha, Nyamizi. Nimekuwa nikidhani hatari ya mtu ni pale anapokosea. Mimi nilikaribia kukufungia mlango nikiwa sijakosea hata nukta.

Pasipoti ikatoka, mkaituma nakala, na chuo kikajibu mstari mmoja: aina ya mwanafunzi imebadilishwa, atalipa ada ya wenyeji. Mlipiga vigelegele, na jirani wa chini akagonga bomba. Nami nilifurahi, usiniulize kama nilifurahi. Lakini nilipoinama kuusoma ule mstari, hasira ilirudi upya, na hii haijaondoka. Hakuna aliyeuliza habari ya Sikonge. Kurasa zangu zote, makaburi yote, jina la bibi yako, havikuwa na uzito wa nakala moja ya kijitabu. Wewe ni yule yule, wa jana na wa leo. Umefunguliwa mlango wa nyumba ya baba yako kwa sababu ya mama yako, na mama yako ametoka nchi ya jirani. Namshukuru mama yako. Nawashukuru Waganda. Na bado naona ni jambo la kufedhehesha kwamba ilibidi.

Na zile barua zangu bado zimepokelewa.

Basi nikwambie machache ambayo mama yako hatakuambia. Utaitwa Mzungu, hasa na wale watakaokupenda. Usiwaeleze. Utaambiwa na ndugu kwamba ninyi wa Ulaya mna hela, na baadhi yao watakuwa na shida ya kweli na wengine hawana, na hutaweza kuwatofautisha. Hata mimi sijaweza. Toa unachoweza bila hotuba, na usipoweza kataa bila hotuba. Mwenzako wa kiti cha pembeni anayelipa ile ada tunayoiita ndogo, kwake si ndogo. Huenda wameuza ng'ombe, huenda darasa zima la msingi la kijijini kwao linamtegemea. Usije ukamsimulia kisa chetu ukitegemea akuonee huruma. Atakusikiliza kwa adabu, kisha ataenda kuhesabu nauli yake.

Ukisoma mahali ambapo mwalimu hana majibu, kaa hapo. Nimefundisha maisha yangu yote na nimegundua kwamba nilieleza sana yale niliyoyajua na kuyakimbia yale niliyopaswa kuyasema. Wewe una ile tabia nzuri ya kukatiza watu kwa swali. Ninajua nilikukaripia kwa hiyo tabia tangu ukiwa mdogo. Endelea nayo.

Na mama yako, mpigie yeye kwanza. Mimi nitasimama karibu na simu.

Sasa jambo moja la mwisho, halafu niache, maana nasikia sanduku linakataa kufungika na mama yako ameanza kuniita nije nikae juu yake. Siku ya kujiandikisha utasimama mbele ya karani. Ataangalia jina lako, ataangalia pasipoti, atasikia Kiswahili chako chenye lafudhi ya treni ya chini ya ardhi ya Stockholm, na atauliza: Wewe hasa ni wa wapi? Nilikuwa nimekuandalia jibu. Lilikuwa jibu zuri, lina Sikonge na Huddinge na sheria ya uraia, nilitaka ulishike kwa moyo. Nimelifikiria jioni hii yote, na naona lingekuwa ni mimi nimesimama pale, wewe umenibeba mgongoni.

Mwambie Uganda. Ni kweli, na nyuma yako kutakuwa na foleni. Chukua kitambulisho chako, ulizia darasa liko wapi, uende. Hasira niachie mimi. Ni yangu, na bado nina barua za kuandika.

Baba yako,
mume wa Mganda